Mfuta Umande wa Njia ya Ngazi

Nilianza kazi Jumatatu ya kwanza ya likizo ya mwezi wa sita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikiwa nimevaa koti la mwanamke.

Naanza na koti ili lisije likaibuliwa na wengine. Mama alilichagua kwenye mitumba pale Kashaulili: zito, refu hadi magotini, shingoni lina manyoya kama ya paka, vifungo vikubwa kama visosi. Huyo mama wa Ulaya aliyelivaa kabla yangu lazima alikuwa na upana wa mlango. "Mlimani kuna baridi," Mama alisema. Mimi nikacheka. Baridi ya Mpanda naijua: inakuvutisha blanketi asubuhi, ikifika saa tatu imeshakimbia. Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, nyie mnaosoma haya, kicheko kile kiwekeni akiba. Tutakirudia.

Nilipelekwa kazini kama adhabu. Jumatano moja nilisimama nyuma ya darasa la kidato cha tatu nikaigiza sauti ya mwalimu mkuu, nikatangaza kwamba masomo yamekwisha kwa siku hiyo. Shule nzima ilitawanyika. Wapo waliofika kwao na kula ugali kabla mwalimu mkuu hajajua kwamba ameturuhusu. Baada ya viboko, ambavyo sitavisimulia, Mama aliamua kwamba likizo ile nisionekane mjini. Nikapakiwa kwenye lori kwenda kwa Mjomba, katibu wa kijiji kilichoko chini ya mlima, upande wa kwenda Karema, ziwani.

Mwaka ule daraja la barabara ya magari lilikuwa limechukuliwa na maji, kwa hiyo kila mtu aliyetaka kwenda ziwani alishuka kwenye lori pale kijijini na kupanda mlima kwa miguu. Njia ilikuwa moja tu, Njia ya Ngazi. Inaitwa hivyo kwa sababu karibu na kileleni inabana kati ya ukuta wa mwamba na korongo, na hapo kuna vidato vya mawe arobaini na viwili, vilivyochongwa na watu ambao hata wazee hawawakumbuki. Upana wake ni wa mtu mmoja. Mkono wa kushoto una mwamba. Mkono wa kulia huna kitu.

Kijiji kilimweka mzee mmoja kuiangalia njia hiyo, na cheo chake kilikuwa Msimamizi wa Njia. Mjomba alinikabidhi kwake kama mtu anayekabidhi mbuzi mkorofi.

Bwana Msimamizi alikuwa Mbende mwembamba, kofia ya sufu kichwani, katambuga miguuni. Aliliangalia koti langu kuanzia manyoya hadi pindo, kwa utaratibu, kama anayesoma barua.

"Unaitwa nani?"

"Shikamoo, Mzee. Wananiita Redio."

"Marahaba. Kwa nini Redio?"

"Kwa sababu sizimiki."

Hakucheka. "Hapa betri zitaisha," alisema. "Umesoma mpaka wapi?"

"Nipo kidato cha tatu, Mzee."

"Mimi elimu yangu ni ya kufuta umande tu. Darasa la pili, basi." Akanipa fimbo ndefu ya mwanzi, nyepesi, yenye matawi madogo nchani. "Sasa wewe msomi wa sekondari, leo utaufuta umande wenyewe. Tangulia."

Ndiyo ilikuwa kazi. Msimu wa baridi majani ya mlimani yanafika kifuani, na alfajiri yamejaa umande. Anayetangulia analowa mpaka kiunoni, na akishalowa, upepo unamkuta. Mtu wa hivyo anaweza kufika juu akiwa hawezi kufunga kifungo kwa vidole vyake. Kwa hiyo mfuta umande anapita kwanza, anapiga majani kushoto na kulia, anafika mpaka Ngazi, anaiangalia njia ikoje, halafu anapeleka habari chini kabla wasafiri hawajaondoka. Siku ya kwanza nilipiga majani kama ninayetwanga adui. Umande wote ulinirudia usoni.

"Unayafuta au unayaogesha?" Bwana Msimamizi aliuliza kutoka nyuma yangu, mkavu kabisa.

Tulipofika juu jua lilikuwa linatoka. Sikutegemea kuona nilichokiona. Nchi yote niliyotoka haikuwepo. Mahali pa vijiji, mashamba na barabara palikuwa na ukungu mweupe uliotandazwa mpaka mwisho wa macho, na vilele vitatu vinne vimechomoza kama migongo ya viboko. Nilifungua mdomo niseme utani wowote. Haukuja. Bwana Msimamizi alinitupia jicho mara moja, nadhani alikuwa anazipima zile betri.

Sasa niwaeleze lugha ya kazi, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyonipata. Habari ya njia ilishuka kwa mdomo. Mfuta umande akikutana na mtu anayeteremka anampa neno, na yule analifikisha kijijini. Bwana Msimamizi alikataza maneno mengi. "Ukimpa mtu habari ndefu, atafika nayo chini imeota mkia na pembe," alisema. "Mpe neno moja lisilopinda."

Maneno yenyewe yalikuwa machache. Njia *imeamka* maana yake ni nzuri, piteni. Njia *inatoka jasho*, mawe yana umande, vueni kandambili. Njia *inakohoa*, mawe yanadondoka kutoka juu, mara nyingi kazi ya nyani. Njia *inavuta sigara*, kuna moto wa nyika upande wa pili na moshi umeingia. Na njia *imelala* maana yake asikanyage mtu yeyote, subirini mpaka iamke.

Nilimuuliza kwa nini imelala na si imefungwa, kama mtu yeyote anayeongea Kiswahili cha kawaida.

"Kwenu mjini mnamruka mtu aliyelala?" aliniuliza.

"Hapana, Mzee. Ni mwiko."

"Kwa nini?"

"Mama anasema ukimruka mtu anadumaa. Au wewe unapata mkosi. Sikumbuki vizuri."

"Lakini huruki."

"Siruki."

"Basi." Somo likaisha. Walimu wetu wangefundisha hivyo tungerudi nyumbani saa nne kila siku.

Wiki ya pili nilianza kuboresha lugha. Asubuhi moja ya upepo nilimpa mchukuzi wa migebuka, samaki wa ziwani, neno "njia inapiga mluzi." Nyingine nikasema "njia ina mafua." Ya tatu, "njia imeamka lakini haijanawa uso." Huku chini wasafiri walibishana nusu saa juu ya uso wa njia, wengine wakarudi kulala. Bwana Msimamizi alipanda mwenyewe kunifuata. Hakunigombeza kwa kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Wewe Redio, watu wanaweka miguu yao juu ya neno lako," alisema. "Sio masikio. Miguu. Ukitunga neno jingine tena, nakurudisha kwa mama yako na koti lake."

Niliapa kutotunga tena. Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, utii wangu ulikaribia kuua watu.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya nne. Jino la Bwana Msimamizi lilikuwa limevimba mpaka shavu linang'aa, na jioni yake alipata lifti ya lori kwenda zahanati. Kabla ya kuondoka aliniambia, mkono shavuni, "Kesho wewe ndiye njia." Nilisema ndiyo Mzee na moyoni nikajiona nimepandishwa cheo.

Alfajiri ya Ijumaa nilianza kupanda nikaona kitu cha ajabu. Upepo haukuwepo. Siku zote upepo wa kipupwe unatoka mashariki unakung'ata masikio, lakini siku ile hata jani moja halikutikisika. Nyota zilikuwa nyingi na karibu, ungedhani zimeshushwa kidogo. Nilisikia koo langu mwenyewe likimeza mate. Nilipofika nusu ya mlima nilipiga majani kwa fimbo na majani hayakutoa maji. Yalitoa mlio, kama mtu anayekanyaga maganda ya karanga. Niliyashika. Yalikuwa magumu. Kila unyasi ulikuwa umevaa miba midogo myeupe.

Nilidhani ni chumvi. Kweli kabisa, nililamba. Ulimi ukachomwa na baridi, ladha haikuwepo. Halafu ile miba ikafa mdomoni, ikawa maji.

Nikakumbuka somo la Jiografia. *Sakitu.* Umande ulioganda. Nilikuwa nimelikariri neno lile kwa ajili ya mtihani, nikaliandika, nikapata alama zangu, na sikuwahi kufikiri kwamba ni kitu kinachoweza kukaa kwenye kiganja changu, mkoa wetu huu, kilomita kadhaa kutoka kwa wauza vitumbua. Nilisimama pale na koti langu la mama wa Ulaya, na bonde zima mbele yangu lilikuwa jeupe, linang'aa kabla jua halijatoka, kimya. Nilivua kofia. Msiniulize kwa nini. Ndivyo mkono ulivyofanya.

Nikaenda mpaka chini ya Ngazi. Kwenye ule mwamba kuna maji yanayochuruzika mwaka mzima na kupita juu ya mawe. Siku ile yalikuwa hayachuruziki. Yalikuwa yamesimama. Kila jiwe lilikuwa limefunikwa na kitu kama kioo. Nilipanda vidato viwili, cha tatu kikaniondoa. Niliangukia goti, nikateleza, na kilichonisimamisha ni kifungo cha koti kilichonasa kwenye ufa. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unaning'inia kwenye hewa. Wale wanaocheka vifungo vikubwa kama visosi, na mimi nimo, tuache.

Nilirudi nyuma kwa makalio. Kazi ilinitaka nibaki pale pale, maana wachukuzi wa samaki waliolala kwenye kibanda cha kileleni wangeanza kushuka na ilikuwa lazima niwapigie kelele. Niliwapigia, wakanisikia, wakatulia huko juu. Sasa habari ya chini. Kwa bahati alitokea Baba Moses, Mkonongo mrina asali, kutoka kwenye mizinga yake msituni, kwa kijia kinachoungana na njia yetu chini ya Ngazi.

"Baba Moses, shikamoo! Waambie wa chini kuna sakitu!"

"Marahaba. Kuna saki nani?"

"Sakitu."

"Ni mtu wa Karema?"

Nikaona habari inaota mkia. Nikakumbuka kiapo changu. Kati ya maneno matano ya kazi hakuna hata moja lililojua barafu, lakini moja lilitosha. Nikanyoosha mgongo kama mtumishi mwaminifu nikasema, "Waambie imelala."

"Hilo sawa," alisema Baba Moses, akateremka na ndoo yake.

Nilikaa juu ya jiwe nikiridhika na utumishi wangu. Baada ya saa moja na ushei nikasikia watu wanaimba.

Walikuwa saba, wamekuja na lori la jana kutoka Usevya. Hawakuijua lugha ya njia yetu, na aliyezoea kuwafafanulia wageni alikuwa zahanati na jino lake. Mbele alikuwa katekista wao na fimbo nzuri ya mpingo. Nyuma yake Bibi Skolastika, kitenge kichwani na rozari mkononi. Nyuma ya Bibi, mjukuu wake Yustina, mtoto mgongoni. Majina nimeyajua baadaye. Yustina alikuwa anampeleka mtoto akaonwe na baba yake, mvuvi wa Karema, ambaye alikuwa hajamtia machoni tangu azaliwe.

"Msije!" nilipiga kelele. "Njia imelala!"

"Tumeambiwa!" katekista alijibu kwa furaha. "Tunamshukuru Mungu!"

"Imelala kabisa nyie!"

"Tunaona, mwanangu! Hata upepo hakuna! Asante!"

Na wakaongeza mwendo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa watu wa mpunga na mahindi, upepo ukilala ni heri, ziwa likilala ni heri, mtoto akilala ni heri kuliko zote. Walikuwa wamesikia kwamba njia imetulia. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyonishukuru. Neno lisilopinda lilikuwa limepinda bila kuguswa.

"Kuna sakitu!" nikasema.

"Nani?"

"Barafu! Mawe yana barafu!"

Bibi Skolastika alicheka mpaka akasimama. "Barafu ya kwenye friji ya masista? Nani kaipandisha huku juu, wewe mtoto?"

"Bibi, naapa!"

"Na koti la mama yako umelipandishia nini?"

Wote wakacheka. Nilijiona wanavyoniona: kijana asiyefahamika, manyoya shingoni, goti linavuja damu, anapiga mayowe asubuhi asubuhi. Hata mimi nisingenisikiliza. Maisha yangu yote nilikuwa nachekesha watu kwa kupenda. Siku ile nilitaka watu saba tu wasicheke, na sikuweza.

Yustina alikuwa ameshampita bibi yake. Mtoto alikuwa analia na yeye alitaka kufika. Aliinua mguu kuelekea kwenye kidato cha kwanza.

Sikufikiri. Nililala. Nilijitupa kwa marefu yangu yote mbele yake, kichwa kwenye mwamba, miguu ukingoni mwa korongo, njia yote nikaiziba. Ile baridi ya jiwe ilipenya koti, shati na fulana ikaingia mbavuni. Yustina alibaki na mguu juu.

"Usimruke!" Bibi alipiga ukelele. "Yustina! Una mtoto mgongoni, usimruke mtu!"

Mguu ukarudi chini.

Katekista alikuja akanisimamia. "Kijana, inuka watu wapite."

"Siinuki, Mzee. Mimi ndiye njia. Nimelala."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ndiyo maana ya neno. Imelala, asiruke mtu. Subirini iamke."

Alinyoosha fimbo yake ya mpingo juu yangu, akaitegemeza kwenye kidato cha kwanza, nadhani anione vizuri au anipime akili. Fimbo ikaondoka. Ilimtoka mkononi kama samaki, ikazunguka mara moja juu ya jiwe na kuingia korongoni. Tulingoja isikike inatua. Tukaendelea kungoja. Mlio ulipokuja ulikuwa mdogo sana, na ulitoka mbali mno kuwa wa fimbo ile.

Hakuna aliyecheka. Yustina alikaa chini taratibu, akamzungusha mtoto kutoka mgongoni akamweka kifuani, akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Katekista alivua kofia yake, kama mimi asubuhi ile.

Halafu jua likavuka mwamba likatufikia. Lilianza kwenye kidato cha juu kabisa na kuteremka moja baada ya jingine, na kila lilipogusa, jiwe liliwaka. Vidato vyote arobaini na viwili vikawa moto mweupe. Mwamba nao, na majani, na kila mwiba mdogo kwenye kila unyasi. Nilikuwa bado nimelala chali, kwa hiyo niliona vyote vikiwa juu yangu vinakwenda mbinguni. Mtoto aliacha kulia. Bibi Skolastika alikuja kwa magoti, akakwangua ukingo wa jiwe kwa ukucha, akaweka ulimini.

"Haina chumvi," alisema kwa sauti ya chini.

"Hata mimi nilidhani ni chumvi, Bibi."

Alinifunika miguu kwa kitenge chake. Tulikaa pale mpaka saa nne, wachukuzi wa samaki wako juu, sisi chini. Tone la kwanza lilianguka, la pili, kisha maji yakaanza kuchuruzika kama siku zote. Mawe yalipokauka niliinuka, mgongo hauna habari na mimi, nikatangulia. Niliwapandisha mmoja mmoja, Yustina wa mwisho, nimemshika mkono. Kileleni ziwa lilikuwa bluu kule chini na mitumbwi kama kunguni. Yustina alimgeuza mtoto aone kwao.

Bwana Msimamizi alirudi jioni bila jino. Nilimsimulia yote bila kuongeza hata chumvi kidogo.

"Baba yangu alisema aliwahi kuukuta mlima umevaa nguo nyeupe," alisema. "Nilidhani alikuwa mzee anaota." Kisha akasema, "Neno langu ndilo lililopinda, Redio. Sio wewe." Tangu hapo kila mgeni aliyeshuka kwenye lori alielezwa maneno yote matano kabla hajapewa hata chai, na alitakiwa kuyarudia.

Wiki iliyofuata shule ilikaribia kufunguliwa, nikastaafu, nikiwa na miaka kumi na sita na utumishi wa siku thelathini na tatu. Kiinua mgongo changu kilikuwa ile fimbo ya mwanzi. Nimeitundika juu ya kitanda na Mama ameshajaribu mara mbili kuifanya fagio la buibui.

Ninyi mnaokuja nyuma yangu, mtauliza mstaafu amejifunza nini. Nimejifunza kulala chini haraka. Utani sijaacha, mwalimu mkuu anaweza kuthibitisha. Ila siku hizi, kabla sijasema kitu kwa watu wengi, naangalia kwanza miguu yao imesimama wapi.

Daraja bado halijajengwa. Mwezi wa sita mwaka huu Mjomba aliandika barua kwa Mama, habari za mahindi na afya za watu, na chini kabisa aliongeza mistari miwili juu ya njia. Kwenye ile njia wameongeza neno la sita, la siku ya sakitu, na kila anayepita amelikubali, Wabende, Wakonongo, wa Usevya, hata wachukuzi wa Karema. Mama alinisomea kwa sauti, kisha akanitazama muda mrefu kama mtu anayelikumbuka koti.

"Juzi alfajiri," Mjomba aliandika, "Redio alilala njiani. Watu walisubiri jua."